Kumwandikia rafiki mwandishi siku yake ya kuzaliwa: mwongozo kamili

Salamu za siku ya kuzaliwa kwa watu wengi ni kazi ya dakika tano. Unamtakia mtu umri mrefu, unaweka picha mliyopiga pamoja, imekwisha. Kumwandikia rafiki mliyejuana tangu utotoni, na ambaye juu ya hayo anapenda kuandika, ni shughuli nyingine kabisa. Huyo atasoma kila neno. Ataona ulipochoka, ulipodaka msemo wa kila mtu, ulipojaza nafasi tu. Hatakwambia, maana anakupenda, lakini ataona.

Hata hivyo, mtu huyohuyo ni rahisi kumfurahisha ukijua anachokitafuta. Watu wa kalamu wana kiu ya kusomwa. Wengi wao wamewahi kupongezwa na watu ambao hawakumaliza kusoma walichokisifia, na hilo huwa wanaligundua haraka sana. Kwa hiyo kitu kikubwa unachoweza kumpa siku hiyo ni ushahidi kwamba wewe ulimsoma, na kwamba kuna kitu kilikubakia kichwani. Sifa zitakuja zenyewe nyuma ya ushahidi huo.

Jipe wiki tatu kama unaweza: moja ya kukusanya, moja ya kuandika, moja ya kuliacha andiko lilale na kulirudia ukiwa na macho mapya. Kama siku yenyewe ni kesho, shuka moja kwa moja hadi karibu na mwisho, nimekuwekea njia ya mkato.

Hatua ya 1: Amua nani atasoma

Andiko la faragha na andiko la hadharani hayaandikwi kwa mkono mmoja. Mzaha unaowavunja mbavu ninyi wawili unaweza kumwaibisha mbele ya watoto wake au mkuu wake wa kazi. Kwa hiyo kabla ya neno la kwanza, jiulize: atalisoma peke yake, litasomwa mbele ya wageni, au litawekwa mtandaoni ambako hata wasiomjua wataliona?

Likiwa la hadharani, mambo haya yabaki nje hata kama ni matamu: aliyoyasema kwa sikio lako peke yako, ugonjwa, madeni, wapenzi wa zamani, ugomvi wa familia, na rasimu ambazo hajawahi kuzitoa. Hilo la mwisho watu hulisahau. Shairi alilokutumia usiku wa manane akasema "usimwonyeshe mtu" bado ni siri hata baada ya miaka 20. Umri nao, wengine hawapendi utajwe. Muulize ndugu yake wa karibu kama huna hakika.

Mimi ningekushauri uandike mawili: refu la kwake, fupi la watu. Ukilazimika kuandika moja tu, andika la kwake.

Hatua ya 2: Kusanya kabla hujaandika

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Wanakaa mbele ya ukurasa mtupu wakingoja maneno mazuri yashuke. Yanayoshuka ni yaleyale: "rafiki wa kweli", "mtu wa watu", "kalamu ya dhahabu". Kichwa kisichokuwa na vitu mbele yake hutoa misemo iliyochakaa, hakina namna.

Basi tafuta vitu. Pekua barua za zamani kama zipo, madaftari ya shule, kadi, baruapepe, kijitabu au jarida lililowahi kuchapisha kazi yake, picha zenye maandishi nyuma. Kwenye simu, fungua mazungumzo yenu na utumie sehemu ya kutafuta: andika "hadithi", "shairi", "soma hii", "nimeandika", "niambie ukweli". WhatsApp inakuwezesha pia kuhamisha mazungumzo yote yakawa faili la maandishi, ukayasoma kwa utulivu kwenye kompyuta. Utashangaa ni mara ngapi alikutumia kitu saa sita usiku na wewe ukajibu kwa kidole gumba.

Soma au soma upya kazi zake. Zote ulizonazo. Huwezi kumwandikia mwandishi ukitegemea kumbukumbu ya jinsi kazi yake "ilivyokuwa nzuri". Soma ukiwa na kalamu mkononi, ukiandika pembeni mambo kama haya:

- Sentensi moja ambayo ungetamani ingekuwa yako.
- Neno analolipenda kupita kiasi. Kila mwandishi analo.
- Anavyoanza. Je, huanza na hali ya hewa, na sauti ya mtu, na swali?
- Anachokikwepa. Kuna mwandishi asiyewahi kumtaja baba yake, na kuna asiyemaliza hadithi kwa furaha.
- Mahali palipokufanya usimame kusoma, hata kama hujui kwa nini.

Kisha andika kumbukumbu zako mwenyewe, harakaharaka, bila kupanga. Usiandike "tulikuwa karibu sana". Andika: alikuwa akiketi wapi, alishika kalamu kwa mkono gani, aliandikia nini, alificha wapi daftari, alipokuwa amekwama alifanya nini. Mtu anayeandika huwa na tabia za mwili: kuna anayeuma kucha, kuna anayesema peke yake, kuna anayefagia chumba kizima kabla ya kuandika mstari mmoja. Rafiki wa tangu utotoni ndiye pekee aliyeziona tabia hizo zikizaliwa. Hakuna mhariri wala msomaji wa baadaye anayeweza kuandika habari hiyo, kwa hiyo usiipoteze.

Zungumza na watu wawili watatu wanaomjua kutoka upande mwingine: dada yake, mwenza wake, mwenzenu wa darasa. Usiulize "unamwonaje?" Utajibiwa "ni mtu mzuri sana". Uliza: "Unakumbuka mara ya kwanza kumwona akiandika?" au "Ni kitu gani alichowahi kukuandikia ukakitunza?" Maswali ya namna hiyo huzaa habari. Na uhakikishe tarehe. Ukisema mlianza kuandikiana mwaka 1998 naye anajua ilikuwa 1996, hilo kosa dogo litamkaa kichwani andiko lote.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja

Sasa una lundo. Kishawishi ni kulimwaga lote: shuleni, chuoni, kazini, ndoa, watoto, safari. Ukifanya hivyo utakuwa umeandika wasifu, na wasifu wake anaujua kuliko wewe.

Tafuta jambo moja linaloshika mengine. Njia rahisi ni kumalizia sentensi hii kwa maneno yasiyozidi 20: "Kwa sababu yeye huandika, mimi…" Mmoja atasema: "…nilijifunza kusema pole kwa maandishi pale mdomo uliposhindwa." Mwingine: "…nina ushahidi kwamba utoto wetu ulitokea kweli." Mwingine: "…niliacha kuogopa kusoma." Ukipata umalizio ambao hauwezi kusemwa na mtu mwingine yeyote, umepata andiko lako. Kila kumbukumbu isiyousogeza umalizio huo, iweke kando hata kama inachekesha. Itafaa mwaka ujao.

Hatua ya 4: Chagua umbo

Barua ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Inaruhusu kutangatanga kidogo, inamsemesha mtu moja kwa moja, na haikudai ustadi usio nao. Ukurasa mmoja wa A4 hubeba takriban maneno 400 ya Kiswahili, na kurasa mbili zinatosha.

Hotuba inafaa kama kuna hafla. Kwa mwendo wa kusoma mbele za watu, maneno 100 hivi huchukua dakika moja. Dakika nne ni nyingi. Watu wanasikiliza kwa masikio, hawawezi kurudi nyuma kusoma tena, kwa hiyo sentensi ziwe fupi na jina la anayesemwa lirudiwe.

Kisha kuna shairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukimpelekea mtu wa kalamu shairi la arudhi, yaani la kanuni za vina na mizani, lililolegea umejitakia.

Ukichagua shairi la kimapokeo, tarbia ndiyo inayozoeleka: ubeti wa mishororo (mistari) minne, kila mshororo mizani, yaani silabi, 16, uliogawika vipande viwili vya mizani 8, yaani ukwapi na utao. Vina ni silabi za mwisho wa kila kipande: vya kati vifanane, na vya mwisho vifanane, walau katika mishororo mitatu ya kwanza. Wa nne ni kibwagizo, unaweza kuwa na vina vyake na ukajirudia kila ubeti. Mfano:

Rafiki wa utotoni, leo nashika kalamu,
Tulikaa darasani, ukaandika kwa hamu,
Barua za mfukoni, wino wake wadawamu,
Andika rafiki yangu, dunia haijasoma.

Hesabu kwa vidole, si kwa macho: Ra-fi-ki wa u-to-to-ni, nane, le-o na-shi-ka ka-la-mu, nane. Angalia pia "mfukoni": ile m ya mwanzo inasimama peke yake na kuhesabiwa, m-fu-ko-ni, mizani nne. Lakini katika "andika", nd ni mwanzo wa silabi moja tu, a-ndi-ka, mizani tatu. Wanaoanza huteleza hapo, na shairi lenye kasoro za mizani au vina huitwa guni. Rafiki yako akiwa mshairi, hilo atalisikia kabla ya kusikia ulichosema.

Mambo mawili ya kukusaidia. Kwanza, usianze na mshororo, anza na orodha ya maneno yenye kina unachokitaka. Kina cha -mu kina maneno mengi (kalamu, hamu, muhimu, salamu, karimu, elimu), lakini kina cha -vyo kitakukaba koo kufikia ubeti wa pili. Pili, unao uhuru wa kishairi: inkisari, kufupisha neno, mazida, kulirefusha, na kuboronga sarufi, kupindua mpangilio wa maneno. Utumie kwa kiasi. Mshororo ukipinduliwa mpaka haueleweki, vina vyake vizuri havitauokoa.

Beti tano hadi saba zinatosha. Ukiona una habari ndefu ya kusimulia, utenzi ni mwepesi zaidi: vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti, na hakuna vina vya kati vya kukusumbua. Na kama arudhi si mambo yako, andika shairi huru au rudi kwenye barua. Zile beti ambazo kila mshororo unaanza na herufi ya jina la mtu mimi sizipendi. Herufi ndiyo inayoamua useme nini, na inaonekana.

Umbo la nne ni kukusanya maandishi yake mwenyewe na kuyafunga kijitabu. Kwa rafiki ambaye kazi zake zimetawanyika kwenye madaftari na simu za watu, hakuna kinachoshinda hiki. Nitaeleza namna ya kukishona mbele kidogo.

Hatua ya 5: Andika rasimu, ukianzia katikati

Usianze na "Leo ni siku ya kipekee". Usianze na mwanzo hata kidogo. Anza na ile kumbukumbu moja unayoiona waziwazi, iandike mpaka iishe, halafu ndipo uamue nini kitangulie.

Tazama tofauti. Hii ni rasimu ambayo wengi wetu tungeiandika:

"Heri ya siku ya kuzaliwa rafiki yangu kipenzi. Wewe ni zaidi ya rafiki, wewe ni ndugu. Tumetoka mbali. Umekuwa mwandishi mahiri mwenye kipaji cha pekee na maneno yako yamegusa mioyo ya wengi. Mungu akuzidishie."

Hakuna uongo hapo, wala hakuna mtu hapo. Ungeweza kumtumia mwandishi yeyote duniani. Sasa hii:

"Tulipokuwa darasa la sita ulinipa daftari lenye hadithi ya mbuzi aliyekataa kuvuka daraja. Ukaniambia nisome palepale, mbele yako. Nikasoma, nikacheka, nikafika mahali mbuzi anapobaki peke yake upande huu wa mto, nikanyamaza. Ulinitazama. Ukachukua daftari, ukafuta neno moja, ukanirudishia. Sikuwahi kujua ni neno gani. Lakini tangu siku ile, kila ukinitumia kitu cha kusoma, nakisoma nikijiuliza ni neno gani ambalo umeshalifuta."

Hakuna sifa hata moja katika kipande hiki. Hakuna "mahiri", hakuna "kipaji". Bado msomaji anaondoka akijua kwamba huyu ni mwandishi mwangalifu tangu utotoni, kwamba alimtazama msomaji wake usoni ili ajue neno gani limezidi, na kwamba urafiki huu una miaka. Vitenzi ndivyo vilivyofanya kazi: nikasoma, ukachukua, ukafuta. Ukitaka kujua kama kipande chako kina uhai, kipigie mstari kila kivumishi cha sifa, kisha vifute vyote. Kikibaki na maana, ni kizuri. Kikibaki na mifupa mitupu, rudi kwenye lundo lako ukatafute tukio.

Katika rasimu hii usihofu urefu. Andika mara mbili ya unachohitaji.

Hatua ya 6: Zungumzia uandishi wake kama msomaji

Hiki ndicho kiini cha andiko, na hakina haja ya kurasa nyingi. Aya moja inatosha, ikiwa na mambo matatu.

Nukuu sentensi yake moja, neno kwa neno. Usiinukuu kwa kukadiria. Mwandishi anajua alipoweka mkato. Sema uliisoma wapi na ukiwa katika hali gani: hospitalini ukimngoja mgonjwa, ndani ya basi, chumbani baada ya kuachwa. Kisha sema ilikufanya nini. Si "ilinigusa", hapana. Ilikufanya umpigie simu mama yako? Ulirudi ukasoma tena? Ulikasirika? Uliichora kwenye karatasi ukaibandika mlangoni? Mwandishi akijua sentensi yake ilimfanya mtu anyanyuke kitini, hahitaji kuambiwa kwamba ana kipaji.

Unaweza kumkosoa? Kidogo, na kwa upendo, kama ndivyo mlivyozoeana. "Bado sikusamehe kwa kumuua yule bibi sura ya tatu" ni sifa iliyovaa lawama, nayo ni tamu. Lakini siku ya kuzaliwa si siku ya kumwambia hadithi zake ni ndefu mno.

Epuka kumlinganisha na waandishi maarufu. Inaonekana kama heshima, ila inamweka mtu kwenye mizani asiyoiomba, na mara nyingi aliyelinganishwa naye wala hampendi. Epuka pia kumuuliza "kitabu kitatoka lini?" Kuna watu swali hilo linawauma kuliko unavyodhani, na wapo wanaoandika kwa miaka bila nia ya kuchapisha.

Hatua ya 7: Mwanzo na mwisho

Sasa rudi kwenye mwanzo. Mara nyingi aya ya kwanza ya rasimu ilikuwa ya kupasha moto tu, na andiko linaanza vizuri kwenye aya ya pili. Ifute uone.

Mwishoni toa dua au matakwa, lakini yawe ya mtu huyu. Badala ya "afya na mafanikio", mtakie asubuhi mbili kwa wiki ambazo hakuna atakayebisha hodi. Mtakie amalize ile hadithi aliyoiacha mhusika akiwa kituoni akingoja gari. Mtakie wasomaji wanaosoma taratibu. Kama dua ni kawaida yenu, iandike kama mnavyoisema mkiwa pamoja.

Hatua ya 8: Hariri bila huruma

Acha siku mbili zipite, kisha lisome kwa sauti ukiwa umesimama. Utakapokosa pumzi, sentensi ni ndefu. Utakapoona aibu, jiulize ni aibu ya uongo au ya ukweli: ya uongo ifute, ya ukweli iache.

Ondoa vijazio: "kwa kweli", "hakika", "kusema ukweli", "bila shaka". Neno "kipenzi" likitokea zaidi ya mara moja, limezidi. Kagua upatanisho wa ngeli, hasa palipo na maneno mengi kati ya nomino na kitenzi chake, maana hapo ndipo "maneno zake" na "barua yalifika" hupenya. Kagua h zinazodondoka na r zinazogeuka l. Kagua majina ya watu, herufi kwa herufi. Mpe mtu mmoja asome, asiyemjua rafiki yako, mahali atakapouliza "huyu nani tena?" pana kasoro, isipokuwa kama andiko ni la faragha na rafiki atajua.

Punguza robo ya maneno. Andiko likianza kukuuma unapokata, umefika.

Hatua ya 9: Lifikishe

Ukiweza, liandike kwa mkono. Kwa mtu wa kalamu, mwandiko wako ni sehemu ya ujumbe, hata kama unafanana na nyayo za kuku. Chagua karatasi nzuri. Ya gazeti au daftari la bei rahisi ina lignini nyingi, ile inayoifanya igeuke njano ikipigwa na mwanga na hewa, ilhali karatasi isiyo na asidi hukaa miaka mingi. Wino wa pigmenti hauchuji kirahisi ukipatwa na maji. Usiipitishe kwenye mashine ya kuifunika kwa plastiki ya moto, karatasi inataka kushikwa.

Kama umeamua kukusanya maandishi yake, kijitabu cha ukubwa wa A5 (milimita 148 kwa 210) unakitengeneza kwa kukunja karatasi za A4 katikati. Kila karatasi moja hutoa kurasa nne, hivyo karatasi nne ni kurasa 16. Panga kurasa zako kwa mafungu ya nne, ziada iache wazi. Chapisha, kunja zote pamoja na jalada gumu kidogo, kisha toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita tatu hivi kutoka kila ncha. Chukua uzi wenye urefu mara mbili na nusu ya kijitabu, yaani sentimita 53 hivi. Sindano iingie tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa uzi ndani. Irudi ndani kupitia tundu la juu. Ishuke ndani ikiruka tundu la kati, itoke nje kupitia tundu la chini, kisha irudi ndani kupitia la kati. Hakikisha ncha mbili za uzi ziko pande mbili za ule uzi mrefu uliolala katikati, zikaze, funga fundo juu yake. Kimemalizika, na hakikuhitaji gundi. Nakili kazi zake kama zilivyo, usimsahihishe, na weka tu zile ambazo tayari amewahi kuwapa watu. Andiko lako liwe ukurasa wa kwanza kama dibaji.

Ukilituma kwa simu, litume kama ujumbe kwake, si kwenye hali ya WhatsApp inayotoweka baada ya saa 24. Kama mna kundi la marafiki, mpelekee yeye kwanza asome peke yake, umwombe ruhusa, ndipo liende kundini. Sauti yako ikisoma barua nayo ni zawadi, hasa kwa aliye mbali. Rekodi mahali pasipo na feni, na usome polepole kuliko unavyodhani inafaa.

Hali ngumu kidogo

Aliacha kuandika. Usijifanye hujui, wala usimhimize kama mwalimu. Mwandikie kuhusu kitu alichokiandika zamani ambacho bado unakitumia maishani. Basi. Kama atarudi kwenye kalamu, atarudi kwa sababu zake.

Mmepoteana miaka kadhaa. Usianze kwa kuomba radhi ukurasa mzima, siku hiyo ni yake. Sentensi moja ya kukiri kimya kilichopita, kisha uende kwenye kumbukumbu.

Yeye anaandika vizuri kuliko wewe. Ndiyo, na analijua hilo. Usimwige mtindo wake, usikope maneno mazito kutoka kamusini. Andika kama unavyozungumza naye mkiwa mmeketi pamoja. Sauti anayoitarajia ni hiyo.

Aliwahi kukuandika wewe katika hadithi yake, na hukupenda ulivyotokea. Ukiweza kucheka sasa, hiyo ni habari nzuri ya kuanzia. Kama bado inauma, iache kwa siku nyingine.

Kama siku yenyewe ni kesho

Tafuta kwenye simu sentensi moja aliyowahi kuandika. Inakili. Chini yake andika ulikuwa wapi ulipoisoma na ulifanya nini baada ya kuisoma. Ongeza tukio moja la utotoni lenye daftari, kalamu au barua ndani yake, kwa sentensi nne. Mtakie jambo moja dogo linalomhusu yeye tu. Maneno 120 yanatosha, na nusu saa pia.

Ukimaliza, weka nakala yako yenye tarehe. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani ya wiki atakurudishia barua ikiwa na mkato mmoja alioongeza na neno moja alilolipigia mstari, akiuliza kama ulimaanisha hilo. Mjibu kwa maandishi.